Kapi la Kulungu

Bango lile Marlene Kotila aliliandika mwezi wa Aprili, siku mumewe aliyeumia mgongo alipoweza kutembea kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta. Alichukua boksi la friji, akalikata kwa kisu cha mkate, akaandika kwa rangi nyeusi INAUZWA, kisha akalipeleka gereji. Hakulitoa barabarani. Alilitundika kwenye msumari ukutani, juu ya pikipiki ya theluji, ile yenye skii za kuteleza mbele na mkanda wa mpira nyuma badala ya matairi, mahali ambapo Wilbert angeliona kila alipokwenda kutafuta spana.

"Sijaiuza," alimwambia. "Nimeandaa bango tu. Siku nitakayojua umeiinua tena kwa mikono, bango linatoka nje na mashine inalifuata. Tumeelewana, mzee?"

"Tumeelewana."

"Nataka uliseme mwenyewe."

"Sitaiinua tena kwa mikono," alisema Wilbert, akiwa amesimama kombo kama mlango uliolegea bawaba.

Wilbert hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwahidi mkewe mambo machache, na karibu yote aliyatimiza, ukiacha rangi ya bafuni. Lakini ahadi hii ilimgusa pabaya. Kila msimu wa baridi tangu ujana wake, pikipiki ikihitaji kutengenezwa chini, alikuwa akiishika bampa ya nyuma, anavuta pumzi, anainyanyua na kuilaza ubavu juu ya tairi kuukuu. Ndivyo alivyofanya baba yake, na ndivyo walivyofanya wanaume wote wa barabara ya Salmela, ndiyo maana kanisani wakiambiwa wasimame kuimba, ubeti wa kwanza huwa umekwisha kabla wa mwisho wao hajanyooka.

Angeweza kuiuza, bila shaka. Watu wa rika lake wengi walikwisha kuuza zao, na sasa wanakaa dirishani wakihesabu za wenzao zinazopita. Ila akina Kotila walikuwa na kambi yao msituni, kando ya ziwa dogo: chumba kimoja, jiko la kuni, na sauna, chumba cha kuogea mvuke, aliyoijenga Wilbert mwaka waliooana. Njia ya kwenda huko ilizikwa na theluji tangu Novemba hadi mwisho wa Aprili, na hakuna gari lililoweza kupita. Kila Februari walikwenda kwa pikipiki, yeye mbele, Marlene nyuma amemlalia mgongoni, na mkate wa iliki umeviringishwa taulo katikati yao ili usigande. Marlene aliipenda safari ile kuliko alivyopenda kukiri. Alimpenda zaidi mume anayetembea, basi.

Kwa hiyo Januari, beringi za magurudumu madogo ya chini, yale yaliyo ndani ya mkanda, zilipoanza kupiga kelele, Wilbert alijua mambo mawili. Bila beringi mpya hawafiki kambini. Na bila jeki ya namna fulani, beringi hazibadilishwi.

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara, Clarence Beaudry, alikuwa na jeki. Aliinunua tangu vuli, ikaja ndani ya boksi, nyekundu, inang'aa, na pedali ya kukanyaga. Mwezi mzima hakuzungumza jambo jingine.

"Nunua kama yangu, bwana," alimwambia Wilbert wakiwa wanakunywa kahawa jikoni kwa Marlene. "Unakanyaga hapa, inapanda. Unakanyaga pale, inashuka. Hata mkwe wangu anaweza, na yule kijana hajui kufungua dirisha."

"Kitu cha kukanyaga?" alisema Wilbert. "Ningetaka cherehani, ningeazima ya Marlene."

"Haya, endelea. Ninyi watu wa Finland mko radhi mvunjike uti wa mgongo kuliko kuingia dukani."

"Na ninyi Wafaransa mkiona kitu chekundu mnatoa pochi kabla hamjauliza kinafanya nini."

Babu zao walikuja huku kuchimba shaba, mmoja kutoka upande huu wa dunia na mwingine upande ule, na wajukuu walikuwa hawajachoka kukumbushana. Marlene aliwamiminia kahawa nyingine na kuwaambia kwamba babu zao wote wawili walikufa wakiwa na migongo mibovu, kwa hiyo wangeweza kuacha kushindana.

Wilbert hakununua. Alikwenda gereji, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaangalia juu. Pale kwenye boriti, karibu na mlango mkubwa unaopanda kwa mota na kulala chini ya dari, lilikuwepo kapi la kulungu. Kila gereji ya huku inalo, na kila moja liko palepale karibu na mlango, kwa sababu kulungu wa Novemba huja nyuma ya pikapu, pikapu inaingizwa kinyumenyume, na hakuna mke anayetaka damu ivutwe hadi ndani. Unamfunga mnyama, unamvuta juu, unamwacha ananing'inia siku kadhaa nyama ipate kulainika. Wilbert alilitazama kapi lile kwa muda, kisha akatazama trela ya boti iliyolala nje chini ya theluji, na winchi yake ya mkono, ile ya kuzungusha mpini kuvuta boti kwa waya, isiyo na kazi hadi masika.

Akacheka peke yake. Mtu akicheka peke yake gerejini, ujue kuna kitu kinakwenda kutobolewa.

Alifungua winchi kwenye trela, vidole vikimuuma kwa baridi, akaifunga ukutani kwa bolti ndefu. Akapitisha waya juu ya kapi na kuushusha hadi nyuma ya pikipiki, akaweka ndoano mwishoni. Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, akapima tena, akaandika vipimo kwenye kipande cha mbao. Alikuwa fundi makini. Vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi, na vyote alivichukua mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope na hakuna mwenye akili ambaye angefanya kazi mlango ukiwa wazi.

Asubuhi aliyoijaribu, Marlene alikuwa ameshuka kanisani, ghorofa ya chini, kuwasaidia akina mama wenzake kukunja pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, za kuuza kwa ajili ya paa jipya. Wilbert akashika mpini wa winchi kwa mkono mmoja, akazungusha. Kle, kle, kle. Nyuma ya pikipiki ikapanda polepole, mkanda wa mpira ukaachana na sakafu, ukafika usawa wa goti, ukafika usawa wa kiuno. Skii za mbele zilitulia chini bila wasiwasi. Akaacha mpini. Mashine ikabaki pale pale. Mgongo wake haukujua kama kuna kazi iliyofanyika.

Wilbert alifurahi hadi akaona haya, mtu mzima kama yeye. Alizunguka mashine yake mara kadhaa. Aliinama akachungulia magurudumu ya chini, akayaona yote vizuri, akayagusa. Alifikiria Februari, na moshi wa sauna juu ya ziwa.

Hapo ndipo aliposikia mashine ya Clarence ya kupulizia theluji ikinguruma barabarani. Furaha ina kawaida ya kutaka shahidi, na shahidi aliyefaa zaidi alikuwa yule mwenye cherehani nyekundu. Wilbert alinyoosha mkono ukutani akabonyeza swichi ya mlango.

Novemba asingeibonyeza. Novemba, kulungu akiwa juu, mota ya mlango huchomolewa kwenye umeme na watu hupita mlango mdogo. Hata mtoto wa chekechea wa huku anajua kwamba kitu kikining'inia kwenye kapi, mlango haufunguki. Lakini hii ilikuwa Januari, na kilichoning'inia hakikuwa na pembe.

Mlango ukapanda, ukajikunja kuelekea darini kama kawaida yake, ukakutana na waya. Ukausukuma. Pikipiki ikayumba, kioo chake cha mbele kikagonga rafu ya makopo ya rangi na kupasuka kutoka pembe hadi pembe. Waya ukajibana kati ya mlango na reli, mota ikakoroma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mlango ukabaki nusu. Barabarani, Clarence alikuwa amevaa vizibo vya masikio na kugeuza mgongo. Akapinda nyuma ya nyumba yake na mashine yake, hajaona kitu.

Baridi ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Wilbert akajaribu mpini wa winchi, haukuzunguka mbele wala nyuma. Akavuta mlango, ukakataa. Waya ulikuwa umekaza kwa uzito wa mashine, na ili ulegee ilibidi nyuma ya mashine ipande kidogo tu, upana wa kiganja. Ukutani, nyuma ya rafu, lilipita bomba la maji ya sauna yao ya nyumbani. Wilbert alijua bomba lile lingestahimili baridi ile kwa muda gani kabla ya kuganda na kupasuka. Halikuwa na subira ya kumngoja Marlene.

Upana wa kiganja. Alisogea nyuma ya mashine, akainama kidogo, akaweka mikono yake chini ya bampa. Mikono ilipakumbuka pale. Miguu ikajipanga yenyewe, pumzi ikajivuta yenyewe. Marlene alikuwa kanisani, Clarence alikuwa nyuma ya nyumba yake, na barabara nzima ilikuwa nyeupe bila mtu. Angenyanyua mara moja, angeachia waya kwa kiwiko, angefunga mlango, na habari ingeishia hapo. Akiumia, ataumia. Asipoumia, hakuna atakayejua hadi mwisho wa dunia.

Akiwa ameinama vile, macho yake yalikuwa sawasawa na bango. INAUZWA. Ile Z ya Marlene ilikuwa imeandikwa kinyume, kwa sababu siku ile aliandika huku masikio yake yakifuata hatua za mumewe chumbani. Wilbert alikuwa hajaligundua hilo kabla. Akakumbuka mkewe akipiga magoti kila asubuhi ya Machi ile kumfunga kamba za buti, na yeye akiangalia pembeni kwa aibu.

Akatoa mikono. Alijisikia mzee kuliko alivyowahi kujisikia maishani, mzee na mjinga, na hasira ikampanda, akaupiga teke ule ubao wa vipimo. Kisha akaenda kwenye simu ya ukutani akampigia Clarence.

"Njoo," alisema.

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Na ukicheka, cheka ukiwa nje."

Clarence alikuja na buti zake kubwa, akapita chini ya mlango uliokwama. Akatazama winchi. Akafuata waya kwa macho hadi kwenye kapi, akateremka nao hadi kwenye mashine iliyopinda shingo. Akavua kofia.

"Huyu ni kulungu wa aina gani, jirani?"

"Clarence."

"Hukuchomoa mota."

"Sikuchomoa mota."

Clarence akarudisha kofia kichwani. "Hata mimi ningesahau," alisema. "Januari, nani anakumbuka mota. Haya, shika huku, mimi nishike kule, tuinue, mara moja tu."

"Siwezi."

"Usijifanye mgonjwa. Ni upana wa kiganja."

"Kuweza naweza. Nilimwahidi Marlene." Wilbert akaonyesha bango kwa kidevu.

Clarence alikuwa ameliona lile bango mara nyingi, na siku zote alidhani ni mzaha wa nyumba hii. Sasa alilitazama tena, akamtazama mwenzake.

"Basi hatuinui," alisema. "Ngoja."

Akaondoka. Aliporudi alikuwa anavuta sleji ya plastiki ya wajukuu wake, ya kuteleza kwenye theluji, na juu ya sleji ilikuwa jeki nyekundu, bado na karatasi ya dukani kwenye pedali. Waliisukuma chini ya mashine, upande wa skii, pale ilipokuwa bado karibu na sakafu. Clarence akakanyaga, mara moja, mara ya pili. Waya ukalegea. Wilbert akauchomoa kwa kidole, na mlango wakauteremsha wote wawili kwa kuuvuta kwa uzito wao. Gereji ikanyamaza, na baada ya muda bomba la maji likatoa mlio mdogo wa kuendelea kuishi.

"Sawa," alisema Wilbert. "Inafanya kazi, cherehani yako."

Alitegemea kusimangwa hadi jioni. Clarence akakaa kwenye ile ndoo, akajisugua magoti.

"Inafanya kazi kwa mtu mwenye magoti," alisema. "Ikipanda yote, mashine bado iko chini. Lazima upige magoti uchungulie. Mimi nikipiga magoti, Wilbert, sisimami mpaka aje mtu. Tangu Oktoba naipeleka pikipiki yangu mjini kwa fundi. Usimwambie mke wako."

"Uliniambia ni jeki bora duniani."

"Ni bora. Imeinua boksi za mapambo ya Krismasi bila tatizo lolote."

Wilbert alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Walicheka wote wawili hadi Clarence akalazimika kushika rafu. Kisha wakaitazama mashine, mmoja mgongo mbovu, mwingine magoti mabovu, na jeki fupi.

"Kinachokosekana hapa ni urefu," alisema Wilbert. "Jeki iko sawa. Iko chini tu."

Nyuma ya gereji, yamefunikwa turubai, yalikuwepo mabenchi ya zamani ya sauna ya nyumbani, mbao nene za mwerezi alizozitoa kiangazi alipoweka mapya. Marlene alikuwa akimwambia azichome kuni, naye alikuwa akimjibu kwamba zitakuja kufaa. Mabenchi ya sauna yametengenezwa kubeba familia nzima yenye uzito wa kutosha, na watoto wanaorukaruka. Walibeba ubao mmoja mmoja, kwa zamu, wakipumzika kwa kahawa. Walivitoa vitu vyote mbali na mlango, hadi ukuta wa ndani kabisa. Pale wakayapanga mabenchi kuwa jukwaa, mbele yake wakaweka mbao mbili za mteremko, na winchi ya boti Wilbert akaihamisha ikae mwisho wa jukwaa, chini. Sasa haikuwa ya kuning'iniza kitu. Ilikuwa ya kuvuta tu, kama inavyovuta boti kutoka majini. Mashine ipande mteremko kwa waya, ifike juu, na jeki nyekundu imalizie. Mtu akae kwenye stuli na kufanya kazi usawa wa kifua, bila kuinama wala kupiga magoti.

Walikuwa bado wanabishana juu ya bolti moja Marlene alipoingia kwa mlango mdogo, unga kwenye nywele. Akaona kioo kilichopasuka. Akaona waya uliopinda, na kapi, na mlango uliochubuka juu. Alikuwa mwenyeji wa huku maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa.

"Umeiinua?" alimuuliza mumewe.

Clarence akafungua mdomo, lakini Marlene hakuwa anamwangalia yeye.

"Nilishika," alisema Wilbert. "Niliweka mikono chini ya bampa, na miguu nikaipanga. Nikaachia. Sikuinua."

"Kwa nini umeniambia kwamba ulishika?"

"Kwa sababu nilishika."

Marlene akavuta ile ndoo kwa mguu. "Kaa. Vua buti."

Wilbert akakaa. Akainama, taratibu lakini bila kusita, akafungua kamba ya buti la kulia, akalivua, akaliweka pembeni. Kisha la kushoto. Marlene hakuwa anaangalia buti, alikuwa anaangalia uso. Hakuona maumivu yaliyojikunja pale. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu Aprili.

"Vaa, sakafu ni baridi," alisema. "Na wewe Clarence, umeshakula?"

"Bado, mama."

"Kuna pasti kwenye gari. Zilizopasuka, haziuziki."

Jukwaa lilikamilika kabla ya wiki kwisha. Siku ya kwanza ya kulitumia, Wilbert alizungusha mpini na pikipiki ikapanda mteremko kwa adabu, Clarence akakanyaga pedali, na chini ya mashine pakawa wazi mbele ya macho yao. Kabla ya kuanza, Wilbert alitembea hadi mlangoni akachomoa mota, ingawa sasa hapakuwa na sababu. Clarence alimuona, akampa spana. Beringi ya kwanza ikatoka, na ya pili. Ya mashine ya Clarence ingefuata, walikuwa wameshakubaliana, na fundi wa mjini angetafuta wateja wengine.

Marlene alikuja na ufagio. Alisimama nyuma yao, akaona mafuta machafu yanayodondoka kutoka chini ya mashine kwenye mbao safi za mwerezi, mbao alizokalia pamoja na watoto wake walipokuwa wadogo.

"Mnaniharibia mabenchi," alisema.

"Ulisema yawe kuni," alisema Wilbert.

Marlene aliangalia huku na huko, kisha akanyoosha mkono juu ya rafu, akalitoa bango kwenye msumari, akapuliza vumbi. Akalisukuma chini ya mashine, maandishi yakiwa juu, akalisogeza kidogo mpaka likakaa sawa. Tone likaanguka karibu na ile Z iliyokaa kinyume. Wilbert alilitazama likisambaa kwenye boksi, na spana mkononi ikasahau ilikokuwa inakwenda.

"Kesho naoka mkate wa iliki," alisema Marlene akifagia. "Nitaoka miwili. Mmoja wa njiani."